Gemu la Kabatini Halimkumbuki Mtu: Mwacheni Jamaa na Type-C Yake

Haya wadau, tangu juzi simu yangu haipumui. Kuna msanii mmoja wa hapa Bongo, jina nalihifadhi ila mnamjua, maana klipu imeshawafikia wote, kapost video akiwa sebuleni kwake. Hamna gari, hamna cheni, hamna mtoto wa watu. Kakaa chini kwenye zulia na Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo nyeupe na nyekundu kutoka Japani. Anachomoa waya wa Type-C kwenye simu yake, anauchomeka nyuma ya mashine, anasukuma swichi, TV inawaka, jamaa anacheka kama mtoto aliyepewa likizo.

Mi nilidhani watu watacheka naye. Wapi! Komenti zikageuka msiba. Kaambiwa kaua historia, kaambiwa hela haina adabu, kaambiwa arudishe "ilivyokuwa". Dada mmoja mwenye wafuasi wengi, anayejulikana kwa kukusanya vitu vya zamani, akaandika waraka mrefu kwamba kitu cha kale hakiguswi, kinafutwa vumbi tu. Wakamshangilia.

Nimekaa na hili siku tatu na nina ya kusema, kwa sababu hii vita nimeshapigana nyumbani kwetu. Na kaka yangu wa damu. Tulinuniana miezi minane kwa ajili ya tundu la chaja, sitanii.

Kwanza niwaulize waliotukana: mlitaka aiwasheje? Famicom ilitoka Julai 1983, na ilitengenezwa iuzwe Japani. Umeme wa ukutani wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Chukua adapta yake orijino, ichomeke kwenye soketi ya Sinza, itaungua hujamaliza kusema Bismillah. Kwa hiyo hiyo "ilivyokuwa" mnayoidai, kwa mtu anayekaa Dar, maana yake ni moja kati ya mbili: anunue lile dubwana zito la kushusha umeme alitandaze chini ya TV, au aiangalie tu. Wengi wenye nazo wanaiangalia tu.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Adapta ile ya Famicom inatoa volti 10. Lakini chipu za ndani hazitaki 10, zinataka 5. Katikati kuna kidude cheusi chenye miguu mitatu, namba yake 7805, kazi yake ni kupokea volti nyingi na kutoa 5. Anazishushaje? Anazichoma. Volti 10 zikiingia na 5 zikatoka, nusu ya umeme wote imekuwa joto, ndo maana kimefungwa kwenye bati la kukipooza. Miaka 40 mashine inapika ndani kwa ndani.

Sasa chaja ya simu inatoa volti ngapi? Tano. Zilezile. Yaani hiyo mashine ya 1983 na chaja uliyoilaza kitandani sasa hivi wanaelewana bila mkalimani. Anayeweka Type-C kwenye Famicom hajailazimisha ile kitu chochote kigeni. Kaipa volti ilizokuwa inakula siku zote, bila kuzipitisha kwenye jiko. Na mashine yenyewe haina makuu, adapta yake orijino mwisho wake ni miliampea 850, haifiki ampea moja. Chaja ya kawaida kabisa ya simu inaibeba.

Hiyo ndo hoja ya umeme. Ila hakuna aliyegombana na mimi kwa ajili ya umeme.

Sisi nyumbani hatukuwa na Famicom orijino. Tulikuwa na lile TV gemu ambalo nyumba nyingi za mtaani zililijua, nakala za Famicom kutoka viwanda vya Asia, zilizokuja na kaseti imeandikwa gemu laki tisa na tisini na tisa elfu, ukifungua ni gemu zilezile ishirini zinajirudia kwa majina mengine. Mzee alilinunua Kariakoo mwaka 2001. Nilikuwa darasa la pili, kaka yangu la sita. Mzee hakuwa mtu wa michezo na watoto, alikuwa wa "umemaliza hesabu?" Lakini Jumamosi jioni alikuwa anavua shati la kazini, anabaki na singlendi, anakaa kwenye mkeka na kaka, wanacheza lile la vifaru. Kama ulicheza unajua: mnalinda tai aliyekaa chini katikati, maadui wanashuka kutoka juu. Na unajua pia kwamba risasi yako mwenyewe inaweza kumuua tai. Mzee alikuwa anamuua tai kila Jumamosi. Kila Jumamosi anasema pedi imekwama.

Adapta ikaungua, nadhani nikiwa sekondari. Ikatafutwa nyingine, haikupatikana ya kufanana, maisha yakaendelea. Gemu likaingia kabati la vyombo, juu ya hotipoti, limefunikwa kitambaa cha kudarizi cha mama. Mzee alifariki 2016. Kuanzia hapo lile gemu likapanda cheo, likawa "kitu cha mzee". Kaka akatangaza lisiguswe. Ukienda kuchukua sahani za wageni unaambiwa angalia usiliangushe.

Mimi nikaliiba. Sina neno zuri zaidi. Nililiweka kwenye mkoba nikaenda nalo kwa fundi mmoja wa simu, mtaa nauhifadhi, nikamwambia nataka liwake kwa Type-C, nimeona watu wanafanya. Akasema hiyo ndogo sana dada. Akatoa tundu la zamani la adapta, akalipanua kwa kisu cha moto, akapachika tundu la Type-C, akalehemu nyaya mbili palepale zilipokuwa za zamani. Elfu ishirini na tano. Tukachomeka. TV ikaonyesha kijivu, ikaonyesha mistari kama mkeka, ikazima. Akarudia. Mistari. Akanitazama kwa huruma akasema hii imeshakufa, imekaa sana.

Nililirudisha nyumbani usiku. Kaka alikuwa amekuja, kafungua kabati kutafuta glasi, kakuta kitambaa kitupu. Aliligeuza, akaona lile tundu lililoyeyushwa pembeni. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Alisema, "Mdogo wangu, umemzika mzee mara ya pili." Akaondoka. Hakunipigia simu miezi minane, hata kwenye kikoba cha familia alikuwa anamtumia mama hela ampelekee mweka hazina ili asiandike kwenye kundi nilimo.

Kwa hiyo nikisoma waraka wa yule dada wa vitu vya kale, simcheki. Najua anachoogopa. Naogopa hichohicho.

Aliyenitoa kwenye shimo ni binti mmoja fundi, sidhani kama alikuwa amefika miaka 25, ana kimeza chini ya mwavuli na kioo cha kukuzia. Nilienda kwake kubadilisha kioo cha simu, gemu likiwa kwenye mkoba, maana nilikuwa nalibeba tu kama mtu anayebeba dhambi. Akaniomba alione. Akalifungua, akaweka mita yake kwenye ile ubao, akasoma volti 3.2. Akacheka kidogo. "Dada, hii haijafa. Ina njaa."

Tatizo likawa hili. Fundi wa kwanza aliweka Type-C mahali pa tundu la zamani, yaani mbele ya 7805. Na 7805 ili akupe 5 lazima umpe zaidi ya 5, kwa kawaida kuanzia 7 hivi kwenda juu, kwa sababu yeye mwenyewe anakula karibu volti 2 njiani. Ukimpa 5 anatoa 3 na ushee. Chipu zinaamka nusu, zinachora mistari, zinalala. Binti akamng'oa 7805, akapeleka waya wa volti 5 moja kwa moja pale mguu wake wa kutolea ulipokuwa umekaa. Dakika kumi. TV ikalia ule muziki.

Akaniuliza pia mbona likichomekwa kwa waya wa Type-C pande zote mbili haliwaki kabisa, linawaka kwa ule waya wa zamani wenye kichwa kipana tu. Mi nilidhani ni mambo ya waya feki. Kumbe chaja ya Type-C haitoi umeme mpaka ihakikishe kuna mtu upande wa pili, na mtu huyo anajitambulisha kwa vipingamizi viwili vidogo vya kilo-omu 5.1. Tundu langu halikuwa navyo. Ndo ugonjwa uleule wa vile vitochi na vispika vya bei chee vinavyochaji kwa waya wao tu. Akaweka viwili, vya senti. Jumla elfu nane.

Halafu akafanya kitu ambacho ndo msingi wa ninachotaka kusema leo. Alichukua ile 7805 aliyoing'oa na bati lake, akaifunga kwenye kifuko kidogo cha nailoni, akanipa. "Iweke. Siku mkitaka kurudisha, mnarudisha."

Sasa nije kwa msanii wetu, maana nimemtetea vya kutosha. Kakosea sehemu moja, na si ile waliyomtukania. Kwenye video, kama sekunde ya ishirini, anageuza mashine na unaona katoboa ganda. Ganda la Famicom ya kweli. Yangu ni nakala, na lile tundu la kisu cha moto bado linaniuma nikiliona. Yake, Nintendo waliacha kuitengeneza mwaka 2003, na 2007 wakatangaza hata kuitengeneza ikiharibika hawataweza tena, vipuri vimeisha. Zilizobaki duniani zinapungua tu, haziongezeki. Hiyo hutoboi bana, na njia ya kutotoboa ipo, na ni rahisi kuliko aliyotumia.

Chaja nyingi za kisasa za Type-C, zile zenye kuchaji haraka, hazitoi 5 peke yake. Zinaweza kutoa 9, 15, mpaka 20, ila lazima ziombwe. Kuna waya una kichipu kidogo kwenye kichwa, kazi yake ni kuiomba chaja volti 9. Upande wa pili una pini ya duara kama ya adapta ya kawaida. Unachomeka kwenye tundu lilelile la 1983, 7805 anapata 9 zake, anatoa 5, kila mtu ana furaha, na ganda hujaligusa. Ukichoka unachomoa, mashine iko kama ilivyotoka dukani. Joto litabaki, ndiyo, lakini limekuwepo miaka yote.

Ila hapa naomba mtu asikimbilie mezani. Sasa hivi kila nyumba ina ule waya wa kuwashia ruta ya Wi-Fi kwa pawabenki umeme ukikatika. Unatoa 9 au 12, pini inaingia vizuri kabisa kwenye Famicom, unajiona mjanja. Usithubutu. Waya wa ruta chanya iko katikati ya pini na hasi iko nje. Famicom ni kinyume, hasi ndo iko katikati. Pini kuingia si ruhusa. Na wala usiazime adapta ya ile Nintendo ya Marekani na Ulaya kwa sababu imeandikwa Nintendo, ile inatoa umeme wa AC, Famicom inataka DC, utaua yote na jina lake. Kwenye adapta kuna kialama cha duara na nukta katikati chenye + na –. Kisome kabla ya kuchomeka, kama unavyosoma jina la mtu kabla ya kumtumia hela.

Mtu ataniambia, si upakue hizo gemu kwenye simu, mambo ya kulehemu ya nini? Nimejaribu. Lile la vifaru kwenye simu ni gemu zuri la kuchezea kwenye daladala. Lakini simu ni ya mtu mmoja, na katikati ya vifaru inaingia meseji ya mkopo. Hakuna aliyewahi kuvua shati la kazini akakaa kwenye mkeka pembeni yako ili aone kioo cha simu yako.

Mwingine atasema umeme ukikatika TV nayo si inazima, hiyo pawabenki ya nini? Kweli kabisa, na mimi nilijifanya sijaona. Ingawa ukiwa na zile TV ndogo za sola za volti 12 unacheza usiku kucha, maana pawabenki ya elfu kumi ina kama wati-saa 37 ndani, na mashine ikila wati 2 na nusu hata ukitoa hasara ni masaa kumi na kitu. Lakini hoja yangu haikuwa umeme kukatika. Hoja ni adapta. Gemu letu halikuzimwa na mgao, lilizimwa na kipande cha plastiki ambacho hakuna duka lilikuwa nacho. Leo Ulaya, tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu mpya inayouzwa lazima ichajiwe kwa Type-C. Ule waya haupotei kesho. Wajukuu watakuwa na droo imejaa.

Na hilo la "kinafutwa vumbi tu" naomba nilikatae wazi. Kabati halihifadhi. Ndani ya hizi mashine kuna kapasita zenye maji maji ambayo yanakauka au kuvuja umri ukienda, iwe unacheza au umelifunika kitambaa cha kudarizi. Kaseti zenye kibetri cha kutunza alama, kinaisha hukohuko. Pini za kaseti zinashika kutu kimya kimya. Gemu letu lilikaa miaka mingi bila kuguswa na hakuna mtu aliyelihifadhi, tuliliacha tu, tukaita heshima. Mimi mwenyewe nilikuwa sikumbuki tena muziki wa mwanzo wa lile gemu la vifaru. Muziki wa Jumamosi zangu zote, na nilikuwa nimeusahau, na kabati lilikuwa futi sita kutoka nilipokuwa nalala.

Kaka alirudi Jumapili moja, mama alimwita, sijui alimwambia nini. Tulisalimiana kama watu wa benki. Nilikuwa nimeshaliweka gemu chini kwenye mkeka, sikusema kitu. Akalitazama, akatazama lile tundu lililoyeyuka, akakaa kimya sana. Nikampa kile kifuko cha nailoni nikamwambia vitu vyake vyote vipo, ukitaka lirudi lilivyokuwa binti atalirudisha. Akakigeuza geuza. Akauliza, "Chaja yake iko wapi?"

Nikachomoa waya kwenye simu yake iliyokuwa inachaji ukutani, nikauchomeka.

Aliuweka ule muziki ukapiga mpaka mwisho bila kubonyeza kitu. Halafu akacheza peke yake raundi mbili. Halafu mama akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, mama ambaye hajawahi kushika pedi maisha yake yote, akakaa pale mzee alipokuwa anakaa, akasema nipeni na mimi. Hakumaliza dakika. Akamuua tai kwa risasi yake mwenyewe.

"Pedi imekwama," kaka akasema.

Simu yake ilizima saa tatu usiku na hakuulizia waya.

Haya, komenti ziko wazi. Yule dada wa vitu vya kale namkaribisha kwa heshima zote. Ila anayekuja kusema tumeua historia aje na picha ya gemu lake likiwa limewaka.